Nilisema Ndiye

Alikaa nje ya kichaka kwa sekunde tatu. Labda nne.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ng'ambo ya mto Sabaki ukitokea Malindi, pale kijia cha mbuzi kinapopinda kabla ya kufika mchangani. Umande ulikuwa haujakauka. Tulikuwa watatu: mimi, kijana wa kijijini aliyebeba darubini ya miguu mitatu, na mwalimu mstaafu kutoka Nairobi ambaye hapa nitamwita Mwalimu, maana ndivyo ninavyomwita. Ana miaka 71. Alisafiri kwa basi usiku kucha, akashuka Malindi alfajiri, na nilipomwambia tunywe chai kwanza alikataa.

"Chai ipo, mwanangu. Ndege hangoji."

Kwa misimu minane alikuwa akimtafuta ndege mmoja.

Basi ndege akatoka. Akashika kijiti kikavu, akageuza kichwa kama aliyeitwa, akarudi ndani. Majani yakatikisika, yakatulia.

Mwalimu hakushusha darubini yake. Akauliza polepole, "Ni yeye?"

Nikasema, "Ndiye."

Aliketi palepale mchangani, akafunika uso kwa leso yake, akalia.

Nimekuwa nikiisikia hiyo "ndiye" yangu tangu siku ile. Dukani naisikia, kwenye bodaboda naisikia, usiku nikigeuka upande wa pili naisikia.

## Videge vya rangi ya udongo

Sisi tunaotazama ndege tunamwita Basra tu. Ni ndege wa matete, na kwao ni vinamasi vya kusini mwa Iraki, mito ya Tigris na Furati inapokaribia kukutana. Bibi yangu angemwita kidege, kama alivyowaita wote wasiokula mtama wake.

Ukimpata vizuri, mgongo ni wa rangi ya udongo wenye kijani cha zeituni kwa mbali, tumbo ni jeupe, juu ya jicho pana mstari mweupe, mdomo ni mrefu na mwembamba. Basi. Hakuna shingo nyekundu wala mkia wa kujivunia. Na shida kubwa ni ndugu zake. Yupo ndege wa matete mkubwa, mnene, mwenye mdomo mzito, anayekuja kutoka Ulaya na Asia msimu huohuo. Yupo mwingine mdogo, mwenye ubavu wa rangi ya maziwa yaliyoonja majani ya chai. Basra anasimama katikati yao kwa ukubwa. Wote watatu wanapenda vichaka vizito karibu na maji. Wote watatu hawapendi kuonekana.

Vitabu vinawaita wageni wa majira ya baridi. Nimeyasoma maneno hayo tangu nikiwa shule, jasho likinitiririka mgongoni. Baridi wanayoikimbia ni ya kwao. Sisi tunawapokea na kaskazi, jua likiwa la utosi na maembe yakianguka. Basra huacha Iraki kiangazi cha kule kikielekea mwisho, hupumzika njiani Sudan na Ethiopia, na mwishoni mwa Novemba huanza kutufikia. Hukaa hadi mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Ukiihesabu hiyo miezi, unaanza kuliangalia neno "mgeni" kwa namna nyingine.

Naye yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Hilo ndilo linalofanya "ndiye" yangu iwe nzito.

## Ngulia

Nimewahi kumshika Basra mara moja tu maishani. Ilikuwa Ngulia, Tsavo Magharibi, nilikokwenda kujitolea mwezi wa Novemba.

Hoteli ya pale ilifunguliwa mwaka 1969, juu kwenye ukingo wa mlima, ikawekewa taa kali ili wageni waone wanyama usiku. Hakuna aliyewafikiria ndege. Lakini Novemba na Desemba ukungu hushuka, na usiku usio na mwezi ndege wahamiaji wanaopita juu gizani hupoteza nyota zao. Kinachobaki kuonekana ni taa. Wakaanza kushuka kwa maelfu. Tangu wakati ule watu hukutana pale karibu kila mwisho wa mwaka, hutandika nyavu nyembamba, huwavisha ndege pete za alumini zenye namba, huwapima, huwaachia. Wapo waliovishwa pete pale na wakapatikana baadaye Urusi na Bara Arabu.

Sijawahi kusahau ukungu ule. Unasimama, huoni mkono wako, na juu yako hewa imejaa vilio vidogo vya watu usiowaona. Nimeandika "watu". Niache hivyo.

Wengi tuliowanasa walikuwa binamu mwingine wa Basra, ndege wa matete wa vinamasi anayezaliana Ulaya. Huyo ana habari ya ajabu. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza kule Ubelgiji na mwaka 1979 akachapisha alichokikuta: dume mmoja, kwa wastani, huiga sauti za aina 76 za ndege wengine, na zaidi ya nusu ya sauti hizo ni za ndege wa Afrika. Kwa hiyo kuna mkulima kando ya mfereji Ubelgiji, mwezi wa Juni, anayesikia kichaka chetu kikiimba na hajui.

Alfajiri, mzee aliyekuwa akinisimamia alinipa ndege mmoja kutoka kwenye mfuko wa kitambaa. Alinionyesha jinsi ya kumshika, shingo katikati ya vidole viwili, bila kubana. Akapima bawa. Akapima mdomo. Akalaza manyoya ya bawa moja baada ya jingine. Kisha akataja jina lake kama karani anayesoma jina la mtu kwenye hati, na mwingine akaliandika.

Moyo wa yule ndege ulikuwa ukipiga kwenye kiganja changu kwa kasi ambayo huwezi kuihesabu.

Mkononi hakuna ubishi. Kuna rula. Nadhani siku ile ndiyo ilinifanya niamini kwamba namjua.

## Ubavu

Shaka haikuja Sabaki. Ilikuja usiku wa tatu, naosha vyombo.

Nilikuwa nikimrudia kichwani kama nilivyokwishafanya mara nyingi: kijiti, kichwa, kurudi ndani. Na safari hii, alipokuwa anageuka, niliuona ubavu wake. Ulikuwa na rangi ya joto, kahawia laini, ile ya maziwa na majani ya chai.

Nikaacha sahani kwenye maji.

Unaweza kuniambia kwamba jua la saa kumi na mbili na dakika arobaini hupaka kila kitu rangi ya dhahabu, hata tumbo la shakwe. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilijiambia hivyo. Lakini mtu akianza kujitetea mbele ya sinki, peke yake, hajaulizwa na yeyote, ujue jambo limeshaanza kumla.

Mdomo? Niliuona mrefu. Au niliuona mrefu kwa sababu nilitaka uwe mrefu. Ukubwa? Hapakuwa na ndege mwingine kando yake wa kumlinganisha naye. Sauti? Kabla hajatoka tulisikia mkwaruzo mmoja ndani ya kichaka, mkavu, mzito, na hapo ndipo moyo wangu ulipotangulia. Nilikwisha kumwona kabla hajatoka. Hilo ndilo ninaloweza kuliapia: macho yangu yalikuta jibu limeshakaa, likiyangojea.

Usiku wa Jumamosi ile ile nilikuwa nimetuma orodha yetu kwenye Kenya Bird Map. Wengi wenu mnaoniandikia mnaitumia, mnajua ilivyo: tangu 2013 nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa, na kila anayetazama ndege anajaza aliowaona. Nilijaza Basra, Sabaki, mmoja.

Mmoja. Kwa ndege anayejulikana na wote, kosa moja humezwa na kweli elfu. Kwa Basra hakuna elfu za kulimeza. Mtu fulani, siku fulani, atakaa na ramani akijaribu kujua vichaka gani vya pwani vinawaweka hai wakati kwao maji yamekauka, na nukta yangu itakuwa pale, imesimama kama shahidi. Ikiwa ni ya uongo nimempotosha. Na nikiifuta ilhali ni kweli, nimemnyima yule ndege nafasi yake kwenye ramani ambayo tayari ina nafasi chache. Nilikwenda mbele na nyuma baina ya hayo mawili kwa wiki mbili.

## Simu mfukoni

Nikaanza kurudi Sabaki peke yangu. Mara sita, Januari hadi Machi.

Mara ya pili nilikuta vigingi. Mtu amepima upande wa juu wa kichaka, na mstari umefyekwa kwa panga, umenyooka kama kamba ya fundi. Kijana wa kijijini alisema, "Kaka, hii imeshauzwa, ni ploti." Hakujua imeuzwa kwa nani. Upande wa chini, ule wa karibu na maji, ulikuwa bado.

Mara ya tatu nilisikia ule mkwaruzo tena, hatua kumi kutoka nilipoketi. Nilikuwa na sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu. Ningeibonyeza tu. Ndege wengi wa vichakani husogea wakidhani mwingine ameingia kwenye eneo lao, na Basra huenda angetoka, nami ningepata sekunde zangu kumi za mwanga mzuri na kulala usingizi.

Simu ilikuwa mkononi. Kidole kilikuwa juu.

Nilifikiria alikotoka. Kutoka Basra hadi pale nilipoketi, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 3,800, na yeye hasafiri kwa mstari ulionyooka. Ametua hapa ale, anenepe, apate nguvu za kurudi. Kila dakika anayoitumia kumtafuta adui asiyekuwapo ni dakika ameacha kula. Wapo waongozaji ninaowaheshimu ambao wangebonyeza mara moja, kwa sauti ndogo, na kuacha. Sisemi wanakosea. Mimi nilikuwa namwita ili anisafishe mimi. Hiyo haikuwa haja yake.

Nikairudisha simu mfukoni. Sauti haikurudia.

## Makanda ya tende

Babu yangu alikata boriti Lamu akiwa kijana. Aliniambia jinsi walivyokuwa wakizipanga ufukoni kwa unene wake, zikingojea majahazi ya Waarabu. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na makanda ya tende, na hapo babu alikuwa akitua, anameza mate kama mtoto: tende za Basra. Yakangoja pepo zigeuke. Kusi ilipoanza, yakaondoka na boriti, zikaenda kuezeka nyumba katika nchi isiyo na miti ya kutosha.

Nilikuwa nimelisikia jina Basra mara mia kutoka kinywani mwake kabla sijalisoma kwenye kitabu cha ndege. Sikuwahi kuyaunganisha, hadi nilipokuwa nimekaa pale Sabaki mwezi wa Februari. Kaskazi inamleta. Kusi ikikaribia, anaondoka. Kalenda ni ileile.

Tena kuna habari ya zamani zaidi, isiyo tamu. Wazanji, watu waliochukuliwa kutoka upande wetu wa bahari, walifanyishwa kazi ya kukwangua ardhi ya chumvi kwenye mabonde yaleyale ya Basra, na mwaka 869 waliasi. Walipigana hadi 883, wakijificha ndani ya mifereji na matete. Hadi leo Basra wapo Wairaki weusi. Nilipokuwa nikiwaza kwamba huyu ndege ni mgeni, niliona aibu kidogo. Njia anayopita imepitwa na watu wetu, wengine wakiwa na tende, wengine wakiwa na minyororo.

Na vinamasi vyenyewe viliuawa. Baada ya maasi ya 1991, serikali ya Saddam Hussein ilichimba mifereji na kujenga kingo ili maji yaondoke na watu wa matete wakose pa kujificha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu sehemu tisa kati ya kumi zilikuwa zimekauka. Mwaka 2003 wenyeji walizivunja kingo kwa mikono yao, maji yakarudi sehemu nyingi, matete yakaota. Mwaka 2016 vikatambuliwa kuwa urithi wa dunia. Sasa ukame na mabwawa ya nchi za juu ya mito vinavirudisha nyuma tena.

Katika miaka yote ile ya ukavu, Basra waliobaki waliendelea kuja hapa kila Novemba. Kichaka cha Sabaki hakikujua kwamba kimebeba nini.

## Penseli

Nilimpigia Mwalimu simu mwanzoni mwa Machi. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, na nilipomsikia tu nikaiacha karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

Nikamweleza. Ubavu, jua, mkwaruzo, jinsi nilivyokuwa nimeamua kabla hajatoka. Nikamwambia kwamba siwezi kusema hakuwa yeye, ila siwezi tena kusema ndiye, na kwamba nilimjibu vile kwa sababu alikuwa amesafiri usiku kucha na sikuweza kumpa jibu jingine.

Alinyamaza. Nilisikia redio yake kwa nyuma, kisha nikasikia ikizimwa.

"Mimi niliandika kwa penseli," akasema.

Sikuelewa.

"Kwenye daftari langu. Ndege wote nimewaandika kwa kalamu, huyo nikamwandika kwa penseli. Uliposema ndiye, hukunitazama. Wewe huwa unanitazama."

Nikamuuliza, mbona basi ulilia?

"Nililia kwa sababu nilijua sitakuwa na nguvu za kupanda basi lile mara nyingi tena. Halafu nikafika nyumbani nikapumzika, nikaona nguvu bado zipo." Akacheka kidogo. "Miaka 34 nimesahihisha madaftari. Mtoto akikisia jibu, namjua. Hata akipatia."

Nilimwomba radhi. Alisema radhi aliipokea siku ileile, ila alikuwa akingojea niilete.

Jioni hiyo niliandika kuomba ile nukta iondolewe. Nimeiondoa nikijua kwamba huenda nimemwondoa ndege wa kweli. Hilo sijalimaliza. Ninaliandika hapa likiwa bado linauma.

## Mwisho wa Machi

Alikuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Safari hii alilala Malindi usiku mmoja kwanza na akanywa chai.

Joto lilikuwa limeganda. Upepo haujui uende wapi, bahari imetulia kama mafuta kwenye sufuria, ile hali ya pepo kubadilishana zamu. Vitwitwi wengi walikuwa wameshaanza kuondoka kwenye tope la mdomo wa mto. Ikiingia Aprili tunaanza kuwatazamia wale wa Madagaska, wanaokuja kwetu hawa wa kaskazini wakienda.

Upande wa juu, ploti ilikuwa imesafishwa yote. Tulipita tukiwa kimya. Upande wa chini tulimkuta mama mmoja anafyeka nyasi kando ya shamba lake, anajiandaa kwa masika. Tulisalimiana. Akatuuliza tunatafuta nini na hizo mashine shingoni.

Mwalimu alimweleza: kidege, rangi ya udongo, hujificha, hutoa sauti ya kukwaruza.

"Kama mtu anayepara samaki?" mama akauliza.

Mimi na Mwalimu tukatazamana.

"Huyo huwa pale," akanyoosha panga kuelekea kwenye kichaka cha miti midogo karibu na maji. "Huja vuli ikiisha. Tukianza kupanda mahindi simsikii tena. Miaka yote. Mimi sijawahi kumwona, nasikia tu akipara samaki wake."

Sauti ya kukwaruza haimtoshi Basra peke yake. Yule mkubwa naye hukwaruza. Lakini vuli hadi kupanda mahindi, mwaka baada ya mwaka, kichaka kilekile: mimi nimekwenda mara sita, mama yule amesikiliza maisha yake yote.

Tukaketi. Mama akamletea Mwalimu ndoo akaigeuza chini juu, ikawa kiti. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, panga mkononi, amenyamaza nasi.

Ilipita nusu saa. Kisha ndani kabisa ya kichaka, mara moja, kavu: *krrrh*.

Kijani kikatikisika. Mdomo, nadhani ulikuwa mdomo, na jicho, na mstari mweupe juu yake. Kisha majani tu.

Mama alinigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyevaa darubini kubwa.

"Ndiye?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikamtazama yeye, nikamtazama na Mwalimu.

"Sijui bado, mama."

Mwalimu aliisogeza ndoo yake mbele hatua moja, akaitua polepole isipige kelele, akakaa tena.